Msamaha wa Nusu Sentensi: Filamu ya Clueless Mbele ya Riwaya ya Emma

1. Utangulizi

Mwezi Julai 1995 ilianza kuonyeshwa nchini Marekani filamu iitwayo Clueless, iliyoandikwa na kuongozwa na Amy Heckerling. Jina hilo maana yake ni mtu asiye na habari, yaani asiyeona yaliyo mbele ya macho yake. Kwa mtazamaji wa haraka, hiki ni kichekesho cha vijana matajiri wa Beverly Hills, pamoja na mavazi yao, magari yao na simu zao za mkononi. Lakini chini ya mavazi hayo mna mifupa ya kitabu cha kale. Kitabu hicho ni Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotolewa London mwezi Desemba 1815.

Huenda msomaji akauliza filamu ya namna hii ina nini cha kuwaambia wachungaji na wanafunzi wa teolojia. Jibu la kwanza ni kwamba Jane Austen mwenyewe alizaliwa na kulelewa katika nyumba ya kasisi. Baba yake, George Austen, alikuwa kasisi wa Kianglikana huko Steventon, na ndugu zake wawili, James na Henry, walipata daraja hilo hilo. Jibu la pili ni zito zaidi. Riwaya hii na filamu iliyotokana nayo zote mbili zinasimama juu ya jambo ambalo ni kazi yetu ya kila siku: mtu anakemewa, anajitambua, naye anageuka. Kwa hiyo tunapolinganisha kazi hizi mbili tunalinganisha pia namna mbili za kusimulia toba.

Dai la makala hii ni moja. Filamu ya Clueless imehamisha kwa ustadi karibu kila kitu kilichomo katika Emma isipokuwa mtu mmoja, naye ni yule aliyekosewa. Kwa kuwa mtu huyo hayupo, toba ya shujaa wake imebadilika tabia pasipo mtazamaji kutambua.

2. Yaliyohamishwa kwa ustadi

Haki kwanza itendeke. Clueless ni kazi nzuri. Emma Woodhouse wa kijiji cha Highbury amekuwa Cher Horowitz, mwanafunzi wa sekondari, anayeigizwa na Alicia Silverstone. Wote wawili wamefiwa na mama, wote wanatawala nyumba ya baba, na wote wanajiona kuwa mafundi wa kupanga mapenzi ya watu wengine. Harriet Smith, msichana asiyejulikana wazazi wake, amekuwa Tai, mgeni shuleni. Robert Martin, mkulima mwaminifu ambaye Emma anamwona kuwa hafai kumwoa rafiki yake, amekuwa Travis, kijana mchelewaji anayevuta bangi na kucheza na ubao wa magurudumu. Bwana Knightley, mwenye busara na ulimi mkali, amekuwa Josh, mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa mwanamke ambaye zamani aliolewa na baba yake Cher.

Ufanani huu haukomei kwenye majina. Austen alitumia kwa ustadi namna ya kusimulia ambayo inatuweka ndani ya mawazo ya Emma hata tunakaribia kudanganyika pamoja naye. Heckerling amepata kilinganishi chake kwa kumfanya Cher asimulie kisa mwenyewe. Sauti yake inatuambia jambo moja, na picha inatuonyesha jambo jingine. Twacheka kwa sababu twaona asiloliona. Hapo filamu inatimiza kile ambacho mahubiri mengi juu ya upofu wa moyo hayakitimizi: inamwonyesha kipofu asiye mbaya. Cher ana upendo, ana ukarimu, tena ana akili. Upofu wake umetokana na raha, wala si na chuki.

Mfano bora ni hotuba yake darasani. Anatakiwa kujadili kama Marekani iwapokee watu wote walioonewa, na mfano wake ni Wahaiti. Msomaji atakumbuka kwamba baada ya Rais Jean-Bertrand Aristide kupinduliwa mwezi Septemba 1991, maelfu ya Wahaiti walikimbia kwa mashua, na serikali ya Marekani iliwazuia baharini. Cher, ambaye hata jina la watu hao halitamki sawasawa, anajibu kwa habari ya karamu aliyoiandaa nyumbani kwao kwa siku ya kuzaliwa ya baba yake. Walikuja wageni ambao hawakutoa taarifa. Yeye akaenda jikoni, akagawa upya chakula, akapanga upya viti, na mwisho wa siku karamu ilichangamka zaidi. Tunacheka, lakini mwanafunzi yeyote wa Agano Jipya atatambua kwamba msichana huyu, bila kujua, ameikaribia sana karamu kuu ya Luka 14. Filamu haidharau ujinga wake. Inaonyesha kwamba moyo wake umetangulia elimu yake.

3. Waliobaki Highbury

Sasa tutazame waliokosa nafasi katika safari hiyo kutoka Highbury hadi Beverly Hills. Wa kwanza ni kasisi. Katika riwaya, Bwana Elton ndiye kasisi wa Highbury: kijana mwenye sura nzuri, maneno matamu na moyo wa kutafuta mali. Usiku wa kuamkia Krismasi, wakirudi kutoka karamu, anamposa Emma ndani ya gari la farasi, na akikataliwa anakwenda kuoa mwanamke mwenye fedha. Katika filamu Elton amebaki na jina lake na kiburi chake, ila ni mwanafunzi tajiri tu. Anamtaka Cher ndani ya gari lake, na alipokataliwa anamwacha usiku mahali pa kuegesha magari, ambapo mwizi mwenye bastola anampora. Badiliko hili laeleweka. Katika ulimwengu wa Cher hakuna kasisi kwa sababu hakuna usharika.

Wa pili na wa tatu ni wanawake maskini. Jane Fairfax, msichana msomi asiye na mali, anayekabiliwa na kazi ya kulea na kufundisha watoto katika nyumba za watu, hana nafasi katika filamu. Na shangazi yake, Bi. Bates, ametoweka pamoja naye. Wachungaji wanapaswa kusimama hapa kidogo. Bi. Bates ni binti wa kasisi aliyetangulia. Baba alipokufa, nyumba ya kasisi ilikwenda kwa kasisi mwingine, na mjane na binti yake wakahamia vyumba vya juu katika nyumba ya watu wengine. Binti hakuolewa. Anazeeka, anamtunza mama yake, ana fedha kidogo sana, na anaongea bila kikomo. Kila mtu Highbury humvumilia kwa sababu ni mwema na kwa sababu anashukuru kwa kila kitu. Austen, ambaye naye aliishi na mama na dada yake katika nyumba ya kaka yake baada ya baba yao kasisi kufariki mwaka 1805, aliyajua maisha hayo kwa karibu.

Kutoweka kwake si ajali. Highbury ni kijiji ambamo tajiri na maskini, mzee na kijana, hawana budi kukutana: kanisani, njiani na mezani. Shule ya sekondari huwakusanya watu wa rika moja, na shule ya matajiri huwakusanya watu wa mfuko mmoja. Katika mahali kama hapo maskini mzee hawezi kuwa jirani. Anaweza kuingia tu akiwa ameajiriwa. Na ndivyo anavyoingia.

4. Mlimani na jikoni

Kiini cha Emma ni matembezi ya Box Hill. Watu wamechoshwa na jua na wao kwa wao. Frank Churchill anazusha mchezo: kila mmoja aseme neno moja la akili sana, au mawili ya akili kiasi, au matatu ya kipuuzi. Bi. Bates anafurahi, anasema hayo matatu ya kipuuzi hayatamshinda. Emma anashindwa kuuzuia ulimi wake, na kwa adabu ya uongo anamwambia kwamba tatizo lake litakuwa hesabu, kwa maana ataruhusiwa matatu tu kwa wakati mmoja. Bi. Bates hatambui mara moja. Anapotambua hakasiriki. Uso unamwiva kidogo, kisha anajilaumu mwenyewe kuwa bila shaka anachosha watu.

Baadaye, Emma akingoja gari lake, Bwana Knightley anamkemea. Hoja yake ni ya Nathani mbele ya Daudi (2 Samweli 12): kosa limekuwa kubwa kwa sababu aliyekosewa ni mdogo. Kama Bi. Bates angekuwa tajiri na wa daraja la Emma, utani ungepita. Lakini ni maskini, ameshuka kutoka hali aliyozaliwa nayo, na akiishi sana atashuka zaidi. Tena ametendewa hivyo mbele ya watu ambao watamwiga Emma. Emma analia njia nzima hadi nyumbani.

Katika Clueless mahali pa Box Hill pamechukuliwa na jikoni ya nyumba ya Horowitz. Idara ya zimamoto imeagiza vichaka vya nyumba hiyo vifyekwe. Cher anamwomba Lucy, mtumishi wa nyumbani, amweleze mtunza bustani, kwa sababu yeye Cher hajui kile anachokiita lugha ya Kimeksiko. Lucy anajibu kwa hasira kwamba yeye si Mmeksiko, anatoka. Cher hajui amekosa nini. Josh anamfahamisha kwamba Lucy anatoka El Salvador, nchi nyingine kabisa, na anamkumbusha kwamba yeye mwenyewe huudhika mtu akikosea upande wa barabara anakoishi.

Tukio hili fupi lina nguvu. Msichana aliyetetea darasani kwamba wageni wapewe viti karamuni hajui nchi ya mwanamke anayempikia. Na filamu yastahili sifa kwa jambo moja ambalo riwaya haina: Lucy anajibu. Bi. Bates alinyamaza na kujilaumu. Lucy anasimamia utu wake kisha anaondoka.

Lakini filamu haimfuati anakokwenda. Neno El Salvador linatajwa na kuachwa. Nchi hiyo ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 12, vilivyokomeshwa kwa mkataba wa Januari 1992 baada ya watu wapatao 75,000 kuuawa. Wasalvador wengi walikimbilia Los Angeles. Sisi Walutheri tungepaswa kulisikia jina hilo kwa namna ya pekee. Kanisa dogo la Kilutheri la huko, chini ya Askofu Medardo Gómez, lilisimama na wakimbizi na maskini, likateswa kwa ajili hiyo. Filamu haisemi kama Lucy alikimbia vita, wala si lazima kichekesho kiwe somo la historia. Ila yatosha kuona kwamba Cher amefungua mlango wa nchi nzima kwa kosa lake, na kamera imeufunga.

Kisha linakuja jambo dogo ambalo ndilo msingi wa makala hii. Katika masimulizi yake Cher anatuambia kwamba ingawa alimwomba Lucy msamaha, bado kuna kitu kilimsumbua, nacho ni kwamba Josh anamwona kuwa mtu mbaya. Ndiyo habari yote. Msamaha ulioombwa umewekwa katika nusu ya sentensi, tena ile nusu inayoanza na neno "ingawa". Hatuoni Cher akimtafuta Lucy. Hatuusikii mlango ukibishwa, wala hatuuoni uso wa Lucy. Sarufi yenyewe yatuambia ni nani mwenye uzito: Lucy ni kishazi tegemezi, Josh ndiye kishazi kikuu.

Linganisha na riwaya. Kesho yake asubuhi, mapema, Emma anakwenda kwa miguu yake hadi kwa akina Bates. Anasikia heka heka za watu wanaojificha wasimwone. Bi. Bates anampokea kwa wema wake wa kawaida, lakini Emma anatambua kwamba furaha ya zamani imepungua. Jane Fairfax ni mgonjwa, hataki kumwona. Siku zinazofuata Emma anapeleka gari ili Jane apunge hewa, linakataliwa. Anapeleka unga wa uwanga wa kumpikia mgonjwa, unarudishwa. Ajabu ni kwamba Austen hatuandikii neno lolote la Emma la kuomba msamaha. Emma anakwenda wala hatumsikii akisema. Cher anasema wala hatumwoni akienda. Katika hizi mbili, toba yenye mwili ni ile ya Emma.

5. Toba na vitu

Cher anageuka kweli, na sipendi kulipunguza hilo. Baada ya kushindwa mtihani wa udereva, kugombana na Tai na kugundua kwamba anampenda Josh, anaamua kwamba safari hii atairembesha upya nafsi yake mwenyewe. Anajitolea kuongoza ukusanyaji wa misaada kwa ajili ya waliopatwa na maafa huko Pismo Beach, na analeta vitu vyake vya anasa, pamoja na vifaa vya kutelezea kwenye theluji. Mtazamaji anacheka, naye baba yake anajivunia.

Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba Emma alikuwa akitoa tangu mwanzo. Muda mrefu kabla ya Box Hill alikuwa amewapelekea akina Bates robo nzima ya nyuma ya nguruwe aliyechinjwa nyumbani kwao. Kosa lake halikuwa uchoyo. Alitoa nyama akakwepa kutembelea. Alimpa Bi. Bates kila kitu isipokuwa nusu saa na heshima. Kwa hiyo mahali ambapo filamu inamalizia uongofu wa Cher, yaani kutoa vitu kwa watu asiowaona, riwaya ilikuwa imepapita katika kurasa za awali na kusema kwamba hapatoshi.

Maneno ya Yesu katika Mathayo 5:23-24 yanatenganisha mambo hayo hayo mawili. Mwenye sadaka mkononi, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza na kumwendea ndugu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 12, linafundisha kwamba toba ina sehemu mbili, majuto na imani, na matendo mema hufuata kama matunda. Katika Clueless tunda lipo, tena jema. Majuto ndiyo yamefupishwa, kwa sababu majuto huhitaji uso wa mtu, na uso huo uliondoka jikoni.

Kinachonishangaza ni kwamba filamu yenyewe inalijua jambo hili. Travis, yule mvuta bangi, anakuja kwenye meza ya misaada na kutoa chombo chake cha kuvutia. Kisha anamgeukia Cher na kumwomba radhi kwa viatu alivyomharibia kwenye karamu. Anaeleza kwamba amejiunga na chama fulani chenye hatua, nazo ni 12. Mtazamaji anatambua mara moja vile vyama vya kuacha ulevi vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, ambavyo humtaka mtu awaorodheshe aliowadhuru na kuwaendea. Yeye aliyekuwa kichekesho cha shule ndiye anayefanya mbele ya macho yetu kile ambacho shujaa anakitaja kwa nusu sentensi. Anamkabili aliyemkosea, analitaja kosa kwa jina, na hatafuti sifa. Viatu vimepewa tukio zima, na utu wa Lucy umepewa kishazi.

6. Hoja mbili za kinyume

Mtu atasema kwamba kichekesho hakipaswi kubebeshwa mzigo huu. Lakini Emma nayo ni kichekesho. Austen hakuacha kutuchekesha alipotupeleka mlangoni pa Bi. Bates, tunacheka hata katika tukio hilo, ila tunacheka huku tukiona aibu kidogo. Mwingine atasema kwamba Cher na Tai wanapatanishwa waziwazi, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi. Ni kweli, na ni tukio zuri. Lakini wao ni marafiki wa rika moja, na kila mmoja ana cha kumrudishia mwenzake. Kipimo cha Bwana Knightley kilikuwa tofauti: unamtendeaje yule asiyeweza kukurudishia?

7. Hitimisho

Wanaofundisha vijana wanaweza kuitumia Clueless kwa faida, mradi baada ya kicheko waulize swali moja: katika simulizi hili, nani amepewa tukio na nani amepewa nusu sentensi? Swali hilo halitaishia kwenye filamu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 hadi Uganda na kwetu Buhaya, uliwafahamisha wazazi wetu kwamba aliyeokoka hurudisha alichoiba, tena kwa kwenda mwenyewe hadi kwa mwenye mali. Lakini ushuhuda, kama filamu, una kishawishi cha kumfanya mkosaji kuwa shujaa. Tunasikia kwa urefu jinsi alivyokuwa, jinsi alivyolia, jinsi alivyobadilika. Mke aliyepigwa, mtumishi aliyedhulumiwa mshahara, mjane aliyeondolewa shambani, hao hupita haraka katika neno "ingawa".

Mchungaji anayemsindikiza mtu katika toba ana wajibu wa kuuliza jina la aliyekosewa na mahali anapokaa. Jane Austen, binti wa kasisi, aliliandika jina hilo na kuionyesha hadi ngazi ya kupandia vyumbani kwake. Katika Clueless tumepewa jina lake la kwanza na nchi yake tu, na hata nchi hiyo tuliambiwa na mtu mwingine.